Jibini Barabarani, Mimi Ndani

Sahani ilipowekwa mkekani sikuhitaji kuitazama. Harufu yake ilishaniambia. Bilinganya limeungua nje, ndani bichi. Hoho imebabuka na ganda lake halikumenywa. Na pale pembeni, palipotakiwa kuwa na vipande vya jibini vyenye mistari ya wavu, kulikuwa na kitu kama uji uliomwagikia majivuni. Wifi yangu ndiye aliyevichoma, kwenye jiko langu, mahali pangu pa biashara, barabarani. Mama mkwe ndiye aliyeniletea chumbani, nilikokaa tangu nijifungue.

"Kula, mwanangu. Wifi yako amekukumbuka."

Nikaisukuma sahani pembeni.

"Hata ahsante huna? Mwenzio anaungua jua tangu asubuhi kwa ajili yako."

Kwa ajili yangu! Nikasimama. Nikafungua mkaja, ile kanga wanayomkaza nayo mzazi tumboni ili tumbo lirudi, nikauacha uanguke chini. Nikamweka mwanangu kifuani, nikamfunga kwa kanga nyingine. Halafu nikainama nikaliokota jiwe lililokuwa kwenye karai, bado lina uvuguvugu.

Mama mkwe alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. "Unataka kunipiga?"

"Jiwe langu hili, mama. Naenda nalo."

Nikatoka kwa mlango wa mbele, peku, kichwa wazi, mchana kweupe.

Watu wamelizungumza sana jiwe hilo, wengine wanasema nilimrushia mama mkwe. Sikumrushia mtu. Jiwe hilo ni la kugandamizia jibini, na ugomvi wote ulianzia kwake.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunipeleka popote, nikapata kazi ya kuosha vyombo na kumenya mboga kwenye kambi ya watalii, upande wa kwenda hifadhini. Huko ndiko nilikoona mboga zikichomwa. Sisi kwetu mboga unaiunga, unaitia nazi, unaichemsha mpaka ikubali. Wao walikuwa wanazipanga juu ya moto kama samaki, na katikati yake wanaweka jibini, jibini la aina ambayo haiyeyuki. Linapata rangi, linakuwa gumu nje na laini ndani, basi. Lililetwa kutoka Dar kwenye barafu. Niliokota kipande kilichobaki kwenye sahani ya mgeni, nikakila nikiwa nimesimama nyuma ya tangi la maji. Nikasema, mimi hiki nitakitengeneza.

Baadaye niliolewa nikaja huku barabara kuu, mabasi ya Kusini yanakopita. Mume wangu ananunua kamba wa baharini huko Delta, vijiji vya kwenye mikoko, mtandao unashika mtu akipanda juu ya kitu. Yeye huwa haonekani mpaka kamba waishe. Nikabaki na mama yake, na binti yetu wa kwanza, na mikono iliyokuwa inawasha kwa kukosa kazi.

Kina mama wa wafugaji hupita asubuhi na madumu ya maziwa. Nilinunua, nikachemsha, nikakamulia ndimu. Maziwa yakakatika, maji yake yakaenda upande, mabonge upande. Nikayamimina kwenye kitambaa cheupe, nikatia chumvi, nikafunga, nikalitafuta jiwe la kuweka juu. Nililipata kwenye changarawe zilizomwagwa kutengenezea barabara: la bapa, zito, limetulia. Ukiliweka juu ya kitambaa mpaka kesho yake, jibini linatoka limeshikana kama tofali. Bila jiwe huna kitu. Una maziwa yaliyokosana.

Mboga ndiyo haikuwa tabu. Maji ya mto yakishashuka watu wa bondeni wanapanda mlau, kwenye udongo ulioachwa na maji, na kiangazi chote kunashuka mabilinganya, hoho, bamia, nyanya, maboga machanga. Nikamwambia fundi wa vyuma anikatie pipa katikati, anisukie na wavu. Pipa nililinunua kwa mshahara wangu wa kambini kabla sijaijua nyumba hii. Nikalipeleka barabarani, nikaliweka kando ya kaka mmoja anayechoma samaki.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alisimama akakodoa macho.

"Dada, unachoma sabuni?"

Muuza samaki alicheka mpaka akashika meza. "Mpe, mpe aoge nayo!"

"Na ikitoa povu mdomoni?" dereva akauliza.

"Ikitoa povu samaki ni bure."

Akala. Akaomba kingine. Tangu siku hiyo barabara nzima ikawa inasema "sabuni": nipe samaki na sabuni, nipe sabuni nyingi bamia kidogo. Madereva wakawa wanapiga simu wakiwa Ndundu darajani, niweke wavu motoni kabisa wasichelewe.

Mimi sikuwa nauza chakula. Nilikuwa nauza cha pembeni. Huwezi kushiba nacho peke yake. Lakini samaki akiwekwa bila hicho akawa anaonekana kama mtu aliyetoka kuoga akasahau nguo. Na nilikipenda hivyo. Nyumbani nilikuwa mke wa fulani na mkwe wa fulani, pale barabarani mtu akikosa cha pembeni anauliza, "Yule dada yuko wapi?"

Sasa, mahali pa barabarani hapana hati. Pale ni pa anayesimama. Ukisimama kila siku panaitwa pako. Usiposimama, anayesimama ndiye mwenyewe. Hakuna aliyeiandika hiyo sheria na hakuna anayeivunja. Ndiyo maana mimba ilipokuwa kubwa nilianza kuogopa, na si kuogopa kuzaa. Niliogopa arobaini.

Huku kwetu mzazi haendi popote mpaka arobaini itimie. Anakaa ndani, anakandwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anakunywa uji wa pilipili manga. Hapiki chakula cha watu. Moto wa nje hausogelei. Mimi hiyo mila siitukani. Kwa binti yangu wa kwanza nililelewa na mama yangu mzazi huko Mohoro, na nakumbuka nililala usingizi ambao sijawahi kuulala tena. Lakini mama alikuwa ananikanda huku ananisimulia vichekesho, na mlango ulikuwa wazi.

Safari hii mama mkwe alisema mtoto wa pili huzaliwa kwa baba yake, na mume wangu akasema kwenye simu, "Msikilize mama." Ni sentensi anayoijua vizuri.

Nikaona basi, bora mahali pasikae wazi. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, anashinda kafunga mikono barazani. Nikamwambia anisimamie. Kumfundisha nilichelewa, nikamfundisha wakati uchungu umeshaanza. Nimeshika mguu wa kitanda, namwambia, "Bilinganya likate kwa urefu, litie chumvi, subiri litoe jasho, lifute." Uchungu unakuja, nanyamaza. Unapita, naendelea. "Hoho usiikate. Ichome nzima mpaka iwe nyeusi, ndiyo uimenye. Bamia zitunge kwenye chelewa. Nyanya mwisho. Jibini usiliweke wavu ukiwa baridi, litashika."

"Nimeelewa, wifi," akasema. "Wewe zaa."

Nikazaa.

Akachukua na simu yangu, maana wateja wanapiga. Ilikuwa sawa. Mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa.

Chumba nilichowekwa kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa choo cha jirani. Ukilala unaona dari, ukikaa unaona ukuta. Joto la kiangazi linaingia asubuhi na halina pa kutokea. Mchana wote nasikia mabasi yanapunguza mwendo, nasikia muuza samaki anavyoita, na upepo ukigeuka nasikia harufu ya jiko langu. Mtu asidharau pua ya mpishi. Nikiwa nimelala nilijua wifi ametia mafuta mengi, yamewaka. Nilijua bilinganya hakulifuta. Nilijua ameweka nyanya mwanzo, zimepasukia kwenye makaa. Nilikuwa napiga kelele kimoyomoyo: geuza! geuza! Na mtoto ananyonya, na jasho linatiririka ndani ya mkaja.

Halafu jibini likaanza kuanguka. Binti yangu alikuwa akirudi ananuka moshi, ananiletea habari.

"Mama, sabuni imeingia kwenye moto tena."

"Shangazi amefanyaje?"

"Amesema hukumfundisha yote. Amesema umemficha." Kisha akagusa mkaja wangu. "Mama, wewe ni mgonjwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona hutoki?"

Nikamvuta karibu, nikamfuta masizi shavuni.

Sikumficha wifi kitu. Nilimwambia habari ya jiwe, kwa mdomo wangu: lazima jibini lilale na jiwe juu yake. Lakini jiwe lilikuwa wapi? Lilikuwa kwangu! Mama mkwe alikuwa ameliona jikoni, la bapa, linatunza moto, akasema hili ndilo la kumkandia mzazi. Kila siku asubuhi na jioni analitia kwenye makaa, analifunga kitambaa, ananiwekea tumboni, anakandamiza. Nilimwambia, "Mama, hilo ni la kazi, wifi analihitaji." Akasema, "Kazi gani inayozidi tumbo lako?" Nikamwambia watafute jingine. Akasema mawe yako tele. Na wifi naye, badala ya kwenda kutafuta jiwe, akawa anakaza kitambaa kwa mikono na kukitundika msumarini, kidondoke maji. Jibini linatoka laini, linawekwa kwenye wavu, linapita.

Kwa hiyo nikawa mimi ndiye niliyefungwa kwenye kitambaa, na jiwe juu. Jibini langu likawa linaning'inia.

Nilivumilia. Nikajiambia ni arobaini tu, si kifungo cha maisha. Wateja waliokula uji wa majivu watarudi wakiniona. Nilikuwa nimeshapanga hata nitavaa kanga gani.

Arobaini ikatimia. Nikaoga, nikampaka mtoto mafuta, nikakaa kitandani kama mtu anayesubiri basi. Mama mkwe akaingia na uji.

"Mama, mtoto anatolewa nje saa ngapi?"

"Anatolewaje na baba yake hayupo?"

"Si babu zake wapo? Si shehe yupo hapo jirani?"

"Mtoto wa kiume hutolewa na baba yake. Akirudi atamtoa. Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

"Kazini."

Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Kazi inafanywa, mwanangu. Tulia ulee."

Nikaomba simu nimpigie mume wangu. Wifi alikuwa nayo barabarani. Jioni akirudi, simu haina chaji. Asubuhi ameshatoka. Nikamtuma binti yangu aiombe; akarudi akasema shangazi anasema wateja watapiga. Nikajaribu kutoka uani tu, nikamchungulie jirani juu ya ua wa makuti. Mama mkwe akaniita kwa sauti ambayo nyumba tatu ziliisikia: "Unamtoa mtoto kabla hajatolewa? Likimpata jambo utasema nini?" Hilo ndilo lililonirudisha ndani kila mara. Nilikuwa nikimtazama mwanangu alivyolala nasema, je ni kweli? Je, likimpata? Mwanamke mzazi unaweza kumfunga bila kamba wala kufuli. Mtaje mtoto wake tu, inatosha.

Nikawa naulizia habari za mume wangu. Kila jioni, "Baba yake amesema lini?" Kila jioni, "Mtandao haushiki."

Siku ile ya sahani, asubuhi, mama mkwe alikuwa ananikanda. Jiwe likapoa, akaenda kulitia moto. Nikasikia anapigiwa simu, yake mwenyewe, hapo nje ya ukuta, palepale karibu na dirisha langu. Anapenda kuongea kwa nguvu na mtu aliye mbali, anadhani sauti ndiyo inayofika.

"Hawajambo! Mtoto mnene! ... Hapana, usihangaike kuja, huku salama. ... Arobaini? Tumeshaiona, ndiyo, lakini mwenzio hajapata nguvu, mwache apumzike. Wewe fanya kazi mpaka kamba waishe. ... Dada yako? Anaendelea vizuri, amepata pa kushika. Si unajua alivyokuwa. Ukimtoa mkeo sasa hivi, dada yako atakwenda wapi?"

Halafu akaingia na jiwe la moto, ameshalifunga kitambaa, akaniwekea tumboni. Nikamtazama usoni. Na kusema kweli ulikuwa uso wa mama anayempenda binti yake. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Angekuwa ananichukia ningejua pa kushika. Alikuwa amegawa tu: binti apate barabara, mkwe apate chumba. Kwake ilikuwa hesabu iliyotoka sawa.

Nililala na jiwe tumboni mpaka likapoa, akaliacha kwenye karai. Mchana ikaja ile sahani.

Basi nikatoka. Kutoka nyumbani hadi barabarani si mbali, lakini mchanga wa saa zile unaunguza na mimi sikuvaa kitu miguuni. Wanawake waliokuwa wanaanika mpunga walisimama. Mmoja akaita, "Mama mtoto! Mtoto ameshatolewa?" Nikamwambia, "Anatoka sasa, njoo uone." Nilikuwa nimemfunika uso kwa ncha ya kanga. Alikuwa macho, katulia.

Wifi aliniona kwa mbali. Akaona na jiwe mkononi. Akashika koleo kama upanga.

"Wifi, una wazimu? Mtoto hajatolewa nje!"

"Ametoka. Mwangalie."

"Rudi ndani, watu wanatutazama."

"Nipe simu yangu na usogee kwenye jiko."

"Jiko gani? Hili la kaka yangu. Kaka yangu kaniachia."

"Kaka yako analijua pipa hili? Muulize nililinunua wapi. Muulize kama alishawahi hata kunijua siku hizo."

Wateja wawili watatu waliacha kutafuna. Muuza samaki, ambaye tumesimama naye bega kwa bega kiangazi kizima, alikuwa anageuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa.

"Kaka," nikamwambia, "sema. Jiko la nani?"

"Dada yangu, mimi nachoma samaki. Hayo ya nyumbani kwenu sitaki yaje mezani kwangu."

"Na hii wanayouziwa watu hapa, ni sabuni yangu?"

Akainua macho. "Hiyo ... hiyo siyo. Wateja wamesema."

"Unaona!" wifi akapaza sauti. "Unaona mnavyonifanya? Niliachwa kule, hapa nako niondolewe. Nifundishwe nusu, halafu nichekwe!"

Nikamwonyesha jiwe. "Hii ndiyo nusu iliyobaki. Ilikuwa tumboni kwangu. Mama yako ameing'ang'ania."

Alilitazama. Nadhani alielewa, maana aliliteremsha koleo. Lakini hakuliachia, wala simu hakunipa. Aliegemea pipa langu kwa kiuno na kusema polepole, "Sitoki, wifi. Sina pa kwenda."

Ningeweza kumsukuma. Nilikuwa na mtoto kifuani. Nikageuka.

Ofisi ya kijiji iko upande wa pili wa barabara. Mtendaji alikuwepo, mtu mzima, mteja wangu, mpenzi mkubwa wa bamia. Alinitazama miguu, akanitazama kichwa, akatazama mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Weka jiwe chini kwanza."

Nikaliweka mezani kwake.

Nilimweleza. Akasikiliza akikuna shavu. "Haya, mwanangu, ni mambo ya ndani."

"Ndiyo, mzee. Ndiko nilikotoka."

"Nakusudia yaishie huko. Mama mkwe ni mzazi wako. Wifi ni ndugu. Nitapita jioni niwasemeshe."

"Ukipita jioni nitakuwa nimerudishwa ndani, na wewe utapewa chai, mtacheka, utaondoka. Naomba karatasi."

"Karatasi inaharibu ndoa."

"Mzee, sabuni umeila lini mara ya mwisho?"

Akakuna shavu tena. "Siku hizi imeharibika."

"Unajua kwa nini? Soma nitakachoandika."

Mtoto akaanza kulia. Mlangoni watu walishajaa, wengine walikuwa na samaki mkononi. Nikavuta kiti chake cha wageni, nikakaa, nikamtoa mwanangu kwenye kanga nikamnyonyesha palepale, uso kwa uso na picha za ukutani. Mtendaji akageukia dirishani. Kisha akavuta droo.

"Andika. Lakini kwa heshima."

Niliandika kwa mkono mmoja. Feni ilikuwa inapeperusha karatasi, nikaigandamiza kwa jiwe. Alisoma, akagonga muhuri. Nilichoandika ni hiki:

*Kwa Mtendaji wa Kijiji.*

*YAH: MALALAMIKO YA KUWEKWA NDANI BAADA YA AROBAINI NA KUCHUKULIWA JIKO LA BIASHARA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji hiki, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Ninachoma mboga na jibini kando ya muuza samaki.*

*Ninamlalamikia mama mkwe wangu kwa kunizuia ndani baada ya arobaini kutimia, kwa kisingizio kwamba baba wa mtoto hayupo, wakati yeye mwenyewe amemwambia baba huyo asije. Nimemsikia kwa masikio yangu.*

*Ninamlalamikia wifi yangu kwa kukaa na simu yangu na jiko langu na kusema ni la kaka yake. Pipa nilikatiwa na fundi ambaye yupo na anaweza kuulizwa.*

*Kwa heshima zote ninaeleza kwamba sikatai mila. Nilikaa arobaini yangu yote. Ninachokataa ni nyongeza.*

*Ninaomba ofisi yako ifanye yafuatayo leo. Kwanza, umpigie mume wangu kwa simu ya ofisi, mbele yangu, kwa sauti ya kusikika. Pili, jiko lirudishwe mikononi mwangu. Tatu, wifi asifukuzwe. Apewe jiko lake upande wa pili wa muuza samaki, na mimi nitamwonyesha jiwe linavyowekwa, lakini nitamwonyesha nikiwa mwenye mahali.*

*Jiwe la kugandamizia jibini nimeliacha mezani kwako kama kielelezo. Ninalihitaji kabla ya maziwa ya kesho asubuhi.*

*Sirudi nyumbani mpaka nipate majibu. Nipo hapa nje, kwenye ngazi za ofisi, na mtoto.*

*Mlalamikaji.*